Ukurasa wa Tatu, Safu ya Pili

Pampu ya kisima ilifika Kondoa ndani ya sanduku la mbao,
imeviringishwa magazeti ya Uajemi
kama mtoto aliyezaliwa Julai.
Mimi ndiye mtunza bohari, Idara ya Maji.
Kazi yangu kuhesabu: boliti ishirini na nne,
mipira ya kuzibia sita,
na takataka kutupa.

Sikutupa. Nililikunjua moja mezani,
nikalinyoosha kwa kiganja kama kanga iliyolaliwa.
Herufi nilizijua. Chuo cha Maalimu Mwasiti kilinipa herufi hizo
pamoja na makovu mawili ya henzerani.
Nikasoma kutoka kulia, kidole mbele, macho nyuma:
waziri, nikamwona. Dola. Mahakama.
Hatari, mara tatu katika aya moja.
Katikati yake maneno nisiyoyajua,
na herufi za nukta tatu ambazo Maalimu hakuzitaja kamwe.
Ilikuwa kama kusikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukuta:
unayatambua majina, hulijui kosa.

Kisha ukurasa wa tatu, safu ya pili,
pakawa peupe.
Si doa, si panya. Mraba wa kiganja kizima,
juu yake kichwa cha habari, chini yake jina la mwandishi,
kati yao hakuna hata nukta.

Jumamosi nikapanda lori la vitunguu hadi Dodoma
kwa baba mdogo, Maulidi Sambala,
aliyepanga herufi za gazeti la Kipyenga miaka kumi na tisa
nyuma ya stesheni, ambako treni ikipita
herufi zilicheza kwenye visanduku vyao.
Herufi za risasi. Risasi ni risasi, alizoea kusema,
tofauti ni mwendo tu.

Kipyenga lilianzishwa na mwalimu, Ezekia Chidosa.
Aliuza ng'ombe saba akanunua mtambo
ili amwulize Bwana Shauri kwa nini maji ya bomba
yanaishia uzunguni.
Wakalifungia mara mbili. Likarudi mara mbili.
Uhuru ulipokuja likapewa karatasi ya bure,
na karatasi ya bure ina upande mmoja tu.
Lilizaliwa likiuma, likazeeka likilamba.

Baba mdogo hakusoma neno. Kiarabu chake kiliishia Alhamdu.
Aliugusa ule mraba kwa kidole gumba
kama agusaye paji la mgonjwa.
"Hapa palikuwa na habari," akasema.
"Mkubwa kaja usiku, kasema toeni.
Fundi katoa. Lakini kakataa kuziba."

Akanyamaza. Jikoni maharage yalikuwa yakiungua,
hakuna aliyeinuka.

"Mwaka wa Operesheni nilipanga mistari kumi na minne
ya kijiji cha Chigulumo. Vihenge vya mtama vilichomwa
ili watu wasiwe na cha kurudia.
Kumi na minne, kwa mkono huu.
Saa nne usiku simu ikalia. Chidosa akaja, hakuniangalia,
akasema, Maulidi, toa.
Nikatoa.
Akasema, ziba.
Nikaweka tangazo la sabuni.
Lilienea, mwanangu. Lilienea sawasawa.
Asubuhi watu wa Chigulumo, huko walikomwagwa,
wakasoma kwamba nguo zao zitang'aa."

Aliomba nimwachie. Nikamwachia karatasi ile moja.

Jumatatu nikafungua daftari la mapokezi:
Pampu, moja. Boliti, ishirini na nne.
Mipira, sita.
Magazeti ya kufungia, kilo mbili, pungufu karatasi moja.
Mhandisi akauliza karatasi hiyo imekwenda wapi.
Dodoma, nikasema.
Akauliza iliandikwa nini.

Mbele ya neno Maelezo sikujaza kitu.
Kanuni ya bohari inataka nafasi tupu ipigwe mstari,
mtu asije akaongeza lake baadaye.
Sikupiga.